Adolphine na Majina ya Quartier Mabwe

Mbele ya kufika ku soko kidogo ya Dilala, mu Kolwezi, pale bashoferi ya taximoto banaoshaka mashini yabo, kuko nyumba moja ya zamani ya bakazi ya mine, bachimba madini, bati yake imekula kutu mpaka inafanana na udongo. Pa dirisha kuko kibao: «Sites internet: sendika, associations, comités.» Chini yake muntu mumoja aliongezaka na makala: «Na arusi?» Hapana. Arusi hapana. Adolphine Kyungu hafanyaka site ya arusi, hata umulilie mpaka shati ilowe.

Ye anafanyaka kazi ya bantu benye bakubwa habapende basikilikane. Eko na site saba mu mikono: ya sendika ya bakazi ya fonderie, kule banayeyushaka mukuba, ya bajane ya ba-creuseur, bale banaume banachimbaka majiwe na mikono, ya coopérative ya Mutoshi, na ingine na ingine. Anazijenga, anazilinda, anapunguza ba-photo, anatosha na kutupa habari yenye imeoza, anajibu bantu benye banaandika kutoka mbali. Shida yake mukubwa haiko machine. Ni ba-président. Kila président anataka photo yake pa mwanzo ya page, mukubwa, na costume.

"Tata président," anabaambiaka, "muntu anafungua site na telefone kidogo, réseau ya huruma. Ile sura yako itakula unité yake yote ya telefone mbele asome hata neno moja ya sendika."

"Basi punguza kichwa," mumoja alijibuka. "Lakini cravate uiache."

Anachekaka, Adolphine. Lakini usimuzoee. Hasira yake iko karibu, sawa kiberiti mu mufuko ya shati.

Ile hasira ilianzaka mwaka elfu mbili na munane, wakati bei ya mukuba, ile shaba yetu, ilianguka ku soko ya dunia. Huku Kolwezi hatukuona soko ya dunia. Tuliona minyororo pa milango. Adolphine alikuwaka secrétaire mu fonderie moja ya bageni. Lundi moja, Jumatatu, bakazi banafika ku kazi, banakuta munyororo. Sentinelle anabaambia: "Bakubwa balienda na avion juzi. Hata mbwa yabo balimubeba." Mbwa! Mbwa alipata fasi mu avion, na bantu mia mbili na kumi na bane habakupata hata neno "tunaenda"!

Adolphine alipita mulango ya nyuma, akatosha machine yake ya kompyuta pa meza, akaibeba pa kichwa sawa bassin ya samaki, na écran mu mukono.

"Mama, unaiba?" sentinelle anamuuliza.

"Sijaiba machine. Nachukua bantu," ye anajibu.

Sababu mule ndani mulikuwa majina. Kila mukazi, siku yenye aliingia, fasi yenye alifanyaka. Na kweli, kisha ya miezi mitatu, avocat ya ile fonderie alisimama mbele ya juge bila haya, anasema patron yake alijuaka bakazi makumi ine tu, bale bengine balikuwa bapita njia. Njo pale sendika ilimuomba Adolphine aweke ile majina fasi yenye dunia yote itaona. Hakujua kitu. Alimaliza miezi mbili mu cyber, anajifunza, anaharibu, anaanza tena. Site yake ya kwanza ilikuwa mubaya sawa mukate ya kuungua, lakini majina mia mbili na kumi na ine ilikuwa pale, juge aliisoma, na avocat alikunja makaratasi yake. Toka ile siku Adolphine aliamini kama muntu yenye jina yake iko wazi, ni nguvu kumukana.

Miaka ilipita, bei ikapanda, na dunia ikaanza kutafuta cobalt, ile madini ya mabatri ya telefone, sawa vile mugonjwa anatafuta dawa. Njo batafuta-cobalt balikuya mpaka Mabwe.

Mabwe ni quartier, mutaa yenye Adolphine alikomalia, nyuma kidogo ya Mutoshi. Ba-avenue kumi na mbili, bisima bine, na vumbi. Chini ya vumbi kuko jiwe nyeusi yenye cobalt. Bantu balianza kuchimba mu parcelle, inje ya nyumba, kisha chini ya jikoni, kisha chini ya kitanda. Mwaka moja shimo ilianguka pa avenue ya Mupapala, ikafunika banaume bane. Mumoja alikuwa Stany, mutoto mumoja tu ya mama yake. Balimutosha siku ya tatu, maiti.

Kisha société moja ya kuchimba madini ikapata karatasi. Ile karatasi ilisema bintu yote ya chini ya Mabwe ni yabo. Na ya juu? Juu kulikuwa bantu, lakini karatasi haikuona bantu. Balitengeneza komisio ya kuhamisha, ikakaa mu salle moja ya mikutano, ya kupangisha, pa barabara, na bwana mumoja ya lunettes pa macho, monsieur Mwamba, anasoma sheria yabo: famille yenye iko pa liste itapata nyumba ya matofali upande ingine ya muji. Famille yenye haiko ni bavamizi, siku ya tracteur batoke na mikono mitupu. Liste tumeibandika pa mulango, musome.

Balisoma. Nyumba makumi sita na moja. Na Mabwe iko na nyumba mia tatu na saba!

"Na shiye bengine, tuko bivuli?" mama mumoja aliuliza.

"Muko na wiki tatu ya kuleta preuves, ushahidi kama nyumba ni yenu," Mwamba anajibu. "Vendredi, Ijumaa ya mwisho, saa ine ya asubui, tunafunga."

Président ya comité ya quartier alikuwa tata Mukalay, clerc, karani ya zamani, muzee ya sauti ya polepole. Alikuya mpaka Dilala. "Mwana, utufanyie kile ulifanyiaka bale ya fonderie. Kila nyumba ionekane." Adolphine aliitika mbele amalize kusema.

Alizunguka Mabwe pa pikipiki ya tata ya Bilkisi, jirani yake ya zamani mu Mabwe, muntu ya famille yenye ilitokaka muji ya Kasongo, banaislamu ya biashara. Carte yake d'électeur, ile ya kupigia kura, inasema Karim, lakini toka binti yake ya kwanza azaliwe, hakuna muntu anamuitaka vile. Juu kwetu iko vile. Muntu akishazala, jina yake inaenda kulala. Anakuwa mama ya fulani, tata ya fulani. Kumuita mama ya bantu "Agnès" mbele ya majirani, sawa vile polisi anaita, ni kumuvua kitambaa ya kichwa. Na Adolphine, hakuzalaka. Njo maana ye banamuitaka tu yaya Adolphine, dada Adolphine, jina yake mwenyewe, sawa vile iko pa carte. Hakusemaka kama inamuchoma. Lakini labda njo ile ilifanya aandike jina ya bengine na heshima yote.

Pa kila nyumba anapiga photo ya mulango na benyewe mbele yake. "Niandike nani?" "Andika mama ya Mamie." "Andika tata ya Barnabé." Ye anaandika. Pa namba kumi na ine, avenue ya Mupapala, alikuta mama mumoja mwembamba anatwanga sombe, majani ya muhogo. Njo mama ya Stany. Zamani, wakati mama ya Adolphine alikuwa anagonjwa, huyu njo alimulishaka, ye na Stany mu sahani moja.

"Ngoja nikae pa kiti," mama ya Stany anasema. "Na ile shimo yenye ilikula Stany isionekane mu photo."

"Haitaonekana, mama."

"Na uandike Stany muzuri, na y ku mwisho. Pa musalaba ya kaburi balikosea."

Site ikatoka mu wiki moja na nusu. Nyumba mia tatu na saba, photo mia tatu na saba. Mu Mabwe bantu sita banasimama pa telefone moja. Tata ya Bilkisi alijiona, anasema: "Eh! Kumbe niko na tumbo ya député, na hakuna muntu aliniambia." Radio ikatangaza. Bantu ya ONG moja ya Lubumbashi, bale banateteaka haki ya bantu, balimuandikia Adolphine: kazi muzuri, endelea.

Mardi, siku tatu mbele ya kufunga, komisio ikaita comité. Adolphine alivaa kikwembe mupya. Alifikiri banaenda kumupongeza.

Monsieur Mwamba alikuwa na site muzima pa karatasi, rundo mukubwa mbele yake. "Madame Kyungu, ni weye ulifanya hii?"

"Ni miye."

"Ba-photo muzuri. Sasa unisaidie." Anapangusa lunettes yake na cravate. "'Mama ya Stany.' Njo nani?"

"Njo mama ya Stany. Avenue ya Mupapala, kumi na ine."

"Nasikia. Na mu liste ya ba-carte d'électeur, eko wapi? Nilitafuta ku M, nikatafuta ku S. 'Tata ya Barnabé': haiko. 'Mama ya mapacha.' Madame, mbele ya sheria mama ya mapacha njo nani? Hii ni liste ya quartier, ao ni bantu ya kualika ku ubatizo?"

Bale bengine ya komisio banacheka. Banacheka! Famille mia tatu na saba pa meza, nyumba yabo, bisima yabo, maiti yabo, na bo banacheka na Fanta mu mukono.

"Niliandika rapport," Mwamba anaendelea, sauti muzuri sawa ya padiri. "'Comité yenyewe inaonyesha nyumba mia tatu na saba, na muntu yenye jina: zéro.' Ni site yenu njo preuve yetu. Tunashukuru."

Zéro. Ye yenye alibebaka machine pa kichwa juu ya majina ya bantu, leo ni ye mwenyewe alibapeleka bantu yake kwa bale bimbwa bila jina hata moja. Pa fonderie aliandikaka kutoka ku karatasi. Huku aliandika sawa mutoto ya nyumba. Na ile heshima yote, bameigeuza kisu.

Inje, tata Mukalay anamushika mukono. "Zima ile site, mwana. Leo. Tusichokoze bantu."

"Tata, tungali na siku tatu. Naandika upya na ba-carte."

"Basi nipe mot de passe, ile funguo ya site, nizime miye."

"Juu ya nini?"

"Juu mi njo président."

Adolphine alimutazama. Tata Mukalay alikuwa pa liste ya komisio, namba tatu, jina muzima bila kosa. Mpaka ile dakika hakuifikiriaka vile.

"Weye nyumba ya matofali unayo, tata. Enda ulale mule ndani," anamuambia. "Mot de passe sikupi, hata ulete mama yangu kutoka mu kaburi akuombee."

Ile mangaribi na mercredi muzima, yaya Adolphine na tata ya Bilkisi balirudilia ba-avenue yote kumi na mbili. Carte d'électeur zilitoka mu mikebe ya maziwa, mu Biblia, chini ya matelas, mu plastiki tatu. Bantu bengine balimutukana: "Kwanza ulifanya tuchekwe, leo unataka nini tena?" Alikubali matusi, akapiga photo ya carte. Pa avenue ingine bwana mumoja alisikia jina ya carte ya bibi yake, anashituka: "Kumbe weye ni Euphrasie?"

"Na uliapa mu kanisa mbele ya bantu yote!" bibi anamujibu. "Uliapia nani?"

Lakini pa kumi na ine, mama ya Stany alifunga mukono pa kifua.

"Sitoe carte."

"Mama, bila jina ya carte batakuvunjia nyumba, na hakuna kitu utapata."

"Batavunja nini? Kile nilikuwa nayo, udongo ilishakula." Anaelekeza shimo na mudomo. "Ile carte inasema Agnès Mujinga. Agnès alikuwa binti, alikuwa anaruka kamba ku Kamina. Miye ni mama ya Stany. Munaandika Agnès peke yake, muntu akisoma atasema huyu mama hakuzalaka. Na Stany atakuwa ya nani? Ya shimo?"

Adolphine alikaa pa kinu. Kwa mara ya kwanza mu ile wiki, hasira ilimutoka. Hakuna mutoto hata mumoja yenye angemupa jina, na alijua sasa kile alikuwa anaomba huyu mama avue.

"Nitaandika yote mbili," anasema kisha. "Stany mbele."

"Mbele?"

"Mbele, na maandishi mukubwa kupita ya président."

Mama ya Stany alicheka kidogo na pua. Kisha aliingia ndani, akarudi na mukebe.

Jeudi asubui majina yote ilikuwa pa machine: ya quartier, na ya carte, moja pembeni ya ingine, chini ya photo ya mulango. Ilibaki tu kuihakikisha. Adolphine akafungua photo yenye alipigaka ya liste ya komisio, aanze kuweka alama pa kila jina yenye alishapataka mu Mabwe. Ya kwanza: alama. Ya pili: alama. Ya tatu, Mukalay: alama. Anafika ku avenue ya Mupapala, namba kumi na ine. Kabulo Désiré.

Anasoma tena. Kumi na ine. Anatazama écran: mama ya Stany pa kiti, mikono pa magoti. Anapiga telefone.

"Tata ya Bilkisi, Kabulo Désiré ni nani?"

"Labda njo tata ya Mwadi."

"Carte ya tata ya Mwadi iko mbele yangu. Ni Ngoy."

"Basi ule muzee ya bicycle."

"Ule ni Kasongo. Niko naye hapa, photo na carte."

"Yaya," tata ya Bilkisi anasema polepole, "mi nilionaka ile jina pa mulango ya salle. Nilifikiri ni jirani."

Unaona? Kila muntu ya Mabwe alisoma ile liste anatafuta jina yake. Majina ya bengine, alifikiri ni yale yenye inalala, ya tata ya huyu, ya mama ya ule. Nani anajua jina ya carte ya jirani yake? Nani ana haya kidogo hivyo mpaka amuulize? Na bale balitunga liste balijua ile. Balijificha ndani ya heshima yetu! Balikula ku sahani ya adabu yetu, kisha bakatucheka juu ya ile ile adabu, na Fanta yabo mu mukono.

Adolphine alipiga meza mpaka souris ya machine ikaanguka. Kisha akahesabu. Pa liste ya komisio, majina makumi sita na moja. Makumi tatu na munane ilikuwa bantu ya kweli. Makumi mbili na tatu haikuwa na sura, na kila moja ilikuwa na nyumba ya muntu mwingine. Hakuamini macho yake peke yake. Balipanda pikipiki, bakapita mulango kwa mulango, na kila fasi swali ilikuwa moja: "Huyu ni tata ya nani? Huyu ni mama ya nani?" Bazee banakunja uso, banauliza ndani ya nyumba, banarudi. Hakuna. Ukikaa Mabwe hata mwezi moja, muntu atajua uko wa nani.

Saa kumi ya mangaribi page mupya ikatoka. Kushoto, photo, na jina yote mbili. Kuume, jina yenye komisio iliandika pa ile nyumba, na kando yake fasi mweupe bila photo. Chini Adolphine aliandika mustari moja tu: «Yenye anamujua atuambie ni wa nani.» Akaituma ku radio, ku ONG ya Lubumbashi, ku sendika zote zenye anafanyia kazi. Hii mara, photo ya président haikuwa pale kabisa.

Vendredi saa tatu, mbele ya salle, barabara haikupitika. Monsieur Mwamba aliingia na uso ya muntu yenye hakulala.

"Tuliona site yenu," anasema. "Sasa majina iko, ni muzuri. Tutaichunguza kisha ya kufunga."

"Mbele ya kufunga," Adolphine anajibu, amesimama. "Mardi ulituuliza mama ya Stany ni nani. Njo huyu." Mama ya Stany anainuka mu mustari ya pili, carte juu. "Tulijibu yetu. Sasa jibu yako. Avenue ya Mupapala, kumi na ine: Kabulo Désiré. Ni tata ya nani?"

"Madame, ile haiko swali ya sheria."

"Miye nalala pale miaka makumi mbili na tisa," mama ya Stany anasema. "Kama huyu bwana analala kwangu, angenilalamikia. Nakoroma."

Salle ikapasuka. Adolphine hakungoja kicheko imalizike. "Avenue ya Bisima, mbili. Ni mama ya nani?" Na salle muzima, sawa ku kanisa wakati ya kuitikia: "Ni mama ya nani?" "Avenue ya Bisima, tisa. Ni tata ya nani?" "Ni tata ya nani?" Bale ya inje balishika ku madirisha, nabo banaitikia. Jina ya kumi na saba ilikuwa Mwamba Odile.

"Huyu ni mama ya nani?" Adolphine anauliza.

"Tuambie ni bibi ya nani!" muntu mumoja anapiga kelele kutoka ku dirisha, na hata bale ya komisio balitazama chini ya meza.

Mukubwa ya ile komisio, muzee yenye mu wiki yote tatu hakufunguaka mudomo, alitazama telefone yake. Mule mulikuwa message ya radio, na nyuma ya ile, message ya Lubumbashi. Akafunga dossier. Anasema habafunge leo. Anasema batapita nyumba kwa nyumba, na miguu, benyewe ya quartier banatazama.

Balipita. Lundi ya pili yake balifika kumi na ine. Clerc mupya alikuwa na régistre pa goti.

"Jina?"

"Mama ya Stany."

"Ya carte, mama."

"Agnès Mujinga. Uandike na ile ya kwanza."

"Hakuna colonne, fasi ya kuandika ile."

Adolphine alikuwa amesimama nyuma yake. "Kuko marge, pale pembeni ya karatasi," anasema. "Andika mu marge. Tuko na wakati, tutakungoja." Clerc akatazama bantu makumi mbili benye balikuwa nyuma ya Adolphine, akaandika mu marge. Mama ya Stany akainama, akasoma herufi moja moja.

Musifikiri ni ushindi. Liste ya mwisho ilikuwa na nyumba mia mbili makumi munane na tisa. Famille kumi na munane balifukuzwa, ati ni bapangaji, sawa vile mupangaji haloweke na mvua. Monsieur Mwamba, banasema eko mu komisio ingine, ku muji ingine, na lunettes ile ile. Tata Mukalay njo alihama wa kwanza ku nyumba ya matofali, na mu kila mukutano anasema Adolphine ni mwanamuke ya fujo. Associations tatu balitosha site yabo mu mikono yake, na habakusema juu ya nini. Na mu kipwa, wakati yenye mvua hainyeshe, tracteur ikakuya vile vile. Ilianzia Mupapala. Namba kumi na ine ilianguka na mara moja, na vumbi yake ilifika mpaka Mutoshi. Mama ya Stany alikuwa amesimama pa barabara na kinu yake, mukebe yake, na kiti. Pa fasi ya shimo leo kuko shimo ingine, mukubwa kupita quartier, na ukuta yenye waya.

Ku nyumba mupya, pa mulango, mama ya Stany aliandikisha jina na rangi nyeusi. Agnès haiko pale.

Mwezi ingine telefone ya Adolphine ikalia. Sauti ya bwana mumoja, Kifaransa ya bureau, kisha Swahili ya kulazimisha.

"Madame, site ya Mabwe ingali inaonekana. Ile quartier haiko tena."

"Najua."

"Basi utoshe ba-photo. Bageni yetu banaifungua, banatuuliza maswali."

"Kama haiko tena, munaogopa nini?" Adolphine anauliza. "Nitaitosha. Siku munaniambia Kabulo Désiré ni tata ya nani."

Telefone ikakatika. Adolphine akafungua page ya kumi na ine, mama pa kiti, mikono pa magoti, mulango wazi nyuma yake, akatazama kama herufi y ingali pale ku mwisho ya Stany. Iko.